Sindano Sita kwenye Kituo cha Tisa

Mgeni aligonga mlango Shangazi akiwa amepanda juu ya kiti anabadilisha balbu, nami nimekishika kisiyumbe. Alikuwa mwanamume mrefu, kichwa chote mvi, na mkononi alibeba buti za mpira ndani ya mfuko wa plastiki. Alisoma namba ya mlango mara mbili kabla ya kutusalimia.

"Samahani. Hapa ndipo kwa kiongozi wa Njia ya Kumi na Saba?"

"Inategemea amekosa nini," alijibu fundi viatu, jirani yetu, aliyekuwa amekaa sakafuni akibandika soli ya kiatu changu kwa gundi. Tulimwita Darubini. Alikuwa na darubini kubwa kuliko zote mtaani, lakini siku zote alimwona ndege wakati ndege ameshaondoka.

"Mimi ni mkaguzi. Natoka ofisi ya hesabu ya ndege."

Shangazi akashuka taratibu, akafuta vumbi mikononi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiipelekea ofisi ile fomu zake, na hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kukanyaga mlangoni kwake, hata kwa asante.

"Karibu ukae," akasema. "Miaka kumi na tisa si mingi. Najua foleni barabarani."

Mkaguzi hakucheka. Alikaa, akatoa karatasi kwenye mkoba, akaikunjua juu ya meza.

Kazi yenyewe ni hii. Kila mwanzo wa kiangazi, ndege wanapojenga viota na kuimba kuliko wakati mwingine wowote, watu wa kujitolea nchi nzima hutembea njia zao alfajiri. Kila njia ina vituo kumi. Unasimama kituoni dakika tano, kimya, unaandika kila ndege uliyemsikia au kumwona, kisha unasonga mbele. Mara tatu kwa msimu, njia ileile, vituo vilevile. Yetu inazunguka mabwawa ya mtambo wa maji nyuma ya mji, na Shangazi hakuwahi kukosa hesabu hata moja. Mwaka aliofiwa na mume wake alihesabu. Mwaka aliovunjika mguu alihesabu, Darubini akimsukuma kwa toroli la fundi mwashi na kulalamika kila kituo.

Mimi nilikuwa nimejiunga msimu huo tu. Mwaka uliotangulia nilimaliza chuo, nilikosomea takwimu, na nilikuwa bado naamini kwamba namba iliyoandikwa kwa uaminifu ni aina fulani ya wema. Naamini hivyo hadi leo.

"Huyu," Mkaguzi akasema, akiweka kidole kwenye mstari mwekundu ulioteremka karatasini kama mtu anayeshuka ngazi, "ni ndege wa matete, yule mdogo wa kahawia."

"Sindano," akasema Shangazi.

Ndilo jina tulilompa. Jina lake la vitabuni ni refu kuliko yeye mwenyewe. Hana rangi, hana mkia wa kujivunia, na hujificha katikati ya matete kiasi kwamba karibu kila anayemhesabu humhesabu kwa masikio. Sauti yake ni nyembamba sana, kama ncha ya sindano inayopita juu ya kioo.

"Miaka sita sasa anapungua kila njia. Sehemu nyingine hayupo kabisa. Isipokuwa hapa." Akageuza karatasi ya pili. "Njia ya Kumi na Saba, kituo cha sita. Nne. Nne. Nne. Miaka sita, hesabu kumi na saba, zote nne. Mama, ndege si matofali. Hawakai wanne tu miaka yote."

Darubini aliacha kupaka gundi.

"Unasema nimedanganya," Shangazi akasema.

"Nasema nimekuja kusikiliza. Kesho ni hesabu yenu ya tatu. Nitatembea nanyi. Ikithibitika kwamba kituo cha sita kiliandikwa kwa kukisia, kanuni iko wazi: kiongozi anaondolewa na njia inafutwa. Miaka yote, si sita tu."

"Yote kumi na tisa?"

"Yote. Hatuwezi kujua ni ipi ya kweli."

Nilimtazama Shangazi. Nilidhani angekasirika, na alikasirika, lakini kwa namna yake: alikaa wima zaidi. Alikuwa opereta wa simu miaka thelathini, enzi za waya na plagi. Alikuwa akijisifu kwamba aliwajua watu wa mji mzima kwa pumzi zao kabla hawajataja namba wanayoitaka. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba masikio yake yanakisia ilikuwa ni sawa na kumwambia mwashi kwamba ukuta wake umeegemea hewa.

"Nisikilize, ndugu yangu," akasema. "Kesho mimi sitashika kalamu. Fomu itaandikwa na huyu, mtoto wa kaka yangu. Masikio mapya, hayajui nilichoandika mwaka gani." Akanigeukia. "Wewe utaandika unachosikia wewe. Si ninachosema mimi, wala anachosema huyu bwana. Sawa?"

"Sawa, Shangazi."

"Na mimi, mbele yako Mkaguzi, naahidi: chochote atakachoandika, nitatia sahihi yangu. Kiwe kitamu, kiwe kichungu."

"Shahidi nipo," akasema Darubini. "Na soli imeshika."

Mkaguzi alipoondoka kwenda nyumba ya wageni, nilibaki jikoni nikiosha vikombe. Tatizo langu lilikuwa kwamba nilikijua kituo cha sita. Nilisimama pale mara mbili msimu huo, kazi yangu ikiwa kushika saa, na mara zote mbili Shangazi alinyoosha vidole vinne, akaandika, mimi nisisikie kitu. Nilijiambia masikio yangu bado mageni. Nilikuwa nimesikiliza rekodi za Sindano usiku baada ya usiku hadi nikamwota, lakini nilijiambia kwamba rekodi si matete. Kusema kweli niliogopa. Ni rahisi sana kuita woga wako heshima.

"Shangazi," nikasema, "kuhusu kituo cha sita..."

"Kesho," akasema, akipanguza meza. "Umeambiwa uandike, hujaambiwa ubashiri. Ukianza kubashiri leo, kesho utasikia ulichobashiri."

Sikujua kama aliniambia mimi au alijiambia yeye.

Alfajiri tulikuwa wanne kwenye uzio wa mtambo. Mlinzi alitufungulia, akapiga miayo, akamtazama Mkaguzi na buti zake mpya. Hewa ilikuwa na baridi ndogo, ile ya kiangazi kinapoanza, inayokwisha jua likichomoza. Shangazi alinikabidhi ubao wenye fomu kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba.

Kituo cha kwanza hadi cha tano hakikuwa na ugomvi. Yangeyange wawili, mdiria mmoja juu ya bomba, mbayuwayu wasiohesabika ambao hata hivyo unatakiwa uwahesabu. Niliandika thelathini na moja. Darubini alinong'ona kwamba ni thelathini na wawili. Shangazi akamwuliza huyo wa thelathini na mbili alikuwa amevaa nini.

Kituo cha sita ni lango la zamani la chuma, limekwama nusu wazi, na matete yamelimeza hadi shingoni. Nilibonyeza saa. Tulisimama. Niliwasikia mnana wakigombana, bata upande wa mbali, pampu ikinguruma chini chini. Nilisikiliza mpaka nikasikia damu yangu mwenyewe. Dakika ya tatu, Shangazi, macho yameelekea kwenye matete na uso umelainika kama wa mtu anayeitwa na rafiki, akanyoosha vidole vinne.

Saa ikalia.

"Umeandika ngapi?" Mkaguzi akauliza.

Nilikuwa nimeandika. Namba ilisomeka.

"Sifuri."

Shangazi aligeuka. "Hukuwasikia? Wawili pale kwenye bawaba, mmoja kushoto, mmoja ndani."

"Sikuwasikia, Shangazi. Hata mara ya kwanza sikuwasikia. Wala ya pili. Nilipaswa kukuambia."

"Mimi nimewasikia kama ninavyokusikia wewe."

"Mimi pia sikusikia kitu, mama," Mkaguzi akasema. Hakusema kwa furaha, hilo nampa. Lakini alisema.

Shangazi alilitazama lile lango muda mrefu. Kisha akatengeneza ukosi wa koti lake. "Basi imeandikwa," akasema. "Songa. Jua halitungoji." Akatangulia, mgongo umenyooka, anatembea upesi kuliko sisi sote. Nilitamani anitukane. Darubini alinipa bega kidogo tulipokuwa tukimfuata.

Kituo cha saba, cha nane. Niliandika kwa mkono usio wangu.

Kituo cha tisa ni bwawa jipya, walilochimba miaka michache iliyopita walipopanua mtambo. Matete yake ni machanga, yamesimama wima, bado ya kijani. Tangu walichimbe, kituo cha tisa kwa upande wa Sindano kilikuwa sifuri kwenye fomu zote za Shangazi. Mara mbili za kwanza za msimu huo pampu ya hapo ilinguruma ikameza kila sauti; leo ilikuwa imezimwa. Nilibonyeza saa.

Nikawasikia papo hapo.

Si mmoja. Sauti ile nyembamba ilitoka kushoto, ikajibiwa kulia, ikakatwa na nyingine iliyokuwa karibu kiasi kwamba meno yangu yalihisi. Niligeuza kichwa polepole nikiwapanga kwa pembe, kama nilivyofundishwa, kila mmoja na mahali pake. Watatu. Wanne. Nikamtazama Shangazi, nikitegemea kuona ule uso uliolainika. Alikuwa anatazama maji. Darubini anajikuna kidevu. Mkaguzi amefumba macho, makini kabisa, na kalamu yake juu ya daftari haisogei.

Watano. Sita.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ilikuwa kama ngazi kukosekana gizani. Sindano hakuwa amekufa. Alikuwa amehama bwawa. Na wazee wangu watatu walisimama katikati ya kelele zake wakidhani ni kimya.

Saa ikalia. "Sindano sita," nikasema.

Mkaguzi akafumbua macho. "Wapi?"

"Hapa. Wanaimba hata sasa. Yule... na yule. Hamsikii?"

"Kijana, umefadhaika kwa sababu ya shangazi yako. Inaeleweka. Lakini huwezi kufidia nne za uongo kwa sita za..."

"Tazama pale. Tete lililoinama, karibu na kigingi chenye namba."

Akainua darubini yake. Shangazi akainua yake. Hata Darubini alifika kwa wakati. Ndege alikuwa amepanda juu kabisa ya tete, mdogo kama kidole gumba, manyoya ya koo yamesimama. Mdomo ulikuwa wazi. Koo lilitetemeka. Aliimba kwa mwili mzima, akapumzika, akaimba tena.

Nilimwona Mkaguzi akimwona. Alishusha darubini, akaipandisha, akatoa kidole akachokonoa sikio. Mdomo wa ndege ulikuwa wazi mbele yake na yeye hakuwa anasikia chochote. Hatua mbili pembeni, Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Anaimba?" akaniuliza, kwa sauti ndogo.

"Anaimba, Shangazi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Njia kutoka cha tisa hadi cha kumi ni juu ya tuta refu, mwendo wa dakika nane. Katikati yake nikamwuliza Mkaguzi swali ambalo lilikuwa likinichoma tangu saa ilipolia.

"Wahesabuji wenu wengine wana umri gani?"

"Wengi walianza pamoja na shangazi yako. Vijana hawajitolei."

"Basi mstari wenu mwekundu si wa ndege. Ni wa masikio. Sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea mtu akizeeka. Wenzake waliacha kumsikia, wakaandika sifuri kwa uaminifu. Shangazi aliacha kumsikia, akaendelea kumsikia kwa kumbukumbu, pale alipomzoea. Hakuna hata mmoja aliyemhesabu ndege mwenyewe."

"Unajua unachosema?" Alisimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, si mtu mbaya. "Ile chati niliichora mimi. Nimeisoma mbele ya watu. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Ukiandika sita hapo, ofisini watauliza kwa nini mkaguzi alisimama palepale akaandika sifuri. Watauliza kuhusu kila njia niliyokagua."

"Watauliza vizuri," akasema Darubini.

Mkaguzi hakumjali. Alimgeukia Shangazi, akateremsha sauti. "Dada yangu, tuongee kama watu wazima. Kituo cha sita kiandikwe nne, kama kawaida. Cha tisa kiandikwe mmoja, aliyeonekana, kwa kuwa kweli tumemwona. Nitaripoti kwamba nimetembea na njia iko sawa. Miaka yako kumi na tisa inabaki. Wewe unabaki kiongozi. Ni namba mbili tu kwenye karatasi."

Nilitaka kusema. Shangazi aliniinulia kiganja.

"Tumefika kituoni," akasema. "Kituoni hakuna maneno. Bonyeza saa."

Kweli, tulikuwa tumefika kwenye kibao cha namba kumi. Na kanuni ni kanuni: dakika tano, kimya. Nilibonyeza.

Sijawahi kusimama dakika tano ndefu kama zile. Jibu lilikuwa limening'inia kati yetu na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Nilimpa Shangazi mgongo ili nisimwone, kisha nikageuka kwa kuwa nilishindwa. Alisimama mikono nyuma, kidevu juu, anatazama mabwawa yote kwa mfuatano, moja baada ya jingine, kama anayehakikisha hakuna aliyeachwa. Nilifikiria kwamba angekubali, na sikupata moyoni mwangu neno la kumlaumu nalo. Miaka kumi na tisa ya alfajiri. Toroli. Mwaka wa msiba. Kama ningekuwa yeye, labda ningeomba kifutio. Na nilijua pia kwamba akiniomba nifute, nitakataa, na kwamba baada ya hapo sitajua nitaingiaje nyumbani kwake kula.

Niliandika kulastara mmoja, tetere wawili. Saa ikalia.

"Lete," akasema Shangazi.

Nilimpa ubao. Alivaa miwani akasoma kituo kwa kituo, kidole kikishuka. Kwenye cha sita kidole kilisimama. Kwenye cha tisa kilisimama tena.

"Hii sita umeiandika vibaya," akasema. "Inafanana na sifuri yenye mkia. Iandike upya pembeni, kwa maneno, mtu asije akasema hakuielewa."

Nikaandika: sita.

Mkaguzi akajaribu mara ya mwisho. "Mama, ukiweka sahihi hapo unajifuta mwenyewe. Nakuambia kwa wema. Kesho hutakuwa na njia."

"Njia ni hii hapa, naikanyaga," Shangazi akasema. "Wewe utafuta namba. Tuta hili huwezi kulifuta, wala hutanizuia nisilitembee. Tena sikiliza. Miaka thelathini watu walinitegemea niunganishe simu na mtu aliyepo. Sikuwahi kumwambia mtu 'ongea' upande wa pili pakiwa hapana mtu. Sasa miaka sita nimewaunganisha na lango tupu. Sikujua. Leo najua. Unataka nianze kufanya kwa kujua?"

"Sikumaanisha..."

"Ulimaanisha, na umechoka, na nimekusamehe. Kapime masikio. Mimi nakwenda kesho. Twende pamoja ukitaka, tutashika foleni moja."

Darubini akakohoa ili asicheke, akashindwa.

Shangazi alichukua kalamu kwenye mkono wangu. Kwanza aliandika kwenye nafasi ya maelezo, bila haraka, kwa ule mwandiko wake wa ofisini ulioegemea kulia: *Kiongozi hasikii tena sauti nyembamba. Kituo cha sita kwa miaka sita iliyopita si sahihi. Kituo cha tisa ni sahihi. Wapimeni wahesabuji wote, na mkaguzi.*

Mkaguzi aliyasoma maneno hayo yakiwa kichwa chini, kutoka upande wake.

Kisha Shangazi akaegemeza ubao kwenye kibao cha namba kumi, akashika karatasi kwa kidole gumba upepo usiipeperushe, akatia sahihi yake.